Kutoka Saa Nne Hadi Saa Tisa

Nyumbani,
Jumatano, tarehe 12 Juni.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi, wewe na mkeo. Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala. Hofu ni kwako, na safari hii siandiki hivyo kwa mazoea.

Barua yako imefika. Umeeleza habari za mvua ukurasa mzima, kisha mwishoni kabisa unagusia kifua kinachobana ukipanda ngazi, eti utaenda kupima kazi ikipungua. Kaka yetu naye alisema hivyo hivyo.

Kwenye simu nilikwambia amefariki ghafla. Nilikudanganya, mdogo wangu. Ilianza saa nne asubuhi, yuko kazini, mteja kitini na povu kidevuni. Kifua kilimbana, jasho likamtoka, akasema ni kiungulia. Akamaliza kidevu kile, akanyoa na vichwa vingine viwili, kwa kuwa watu walikuwa wanangoja.

Saa saba alirudi nyumbani, uso umempauka. Nikamwambia twende hospitali. Akakubali, ila si na shati lililojaa nywele za watu. Unamjua kwa utanashati. Akaoga, akachana nywele. Nami, mjinga mimi, nikatandika blanketi mezani nikampigia pasi shati jeupe, huku amekaa ukingoni mwa kitanda anajikanda taya na kunitania kwamba kola imenishinda. Nilicheka. Kicheko hicho sijisamehe.

Tulifika saa tisa. Daktari aliuliza maumivu yalianza lini. Nilipomtajia saa nne, aliitazama saa ya ukutani. Saa kumi kaka alikuwa ametutoka. Baadaye daktari alinieleza kwamba mshipa wa moyo ukiziba, kila dakika ina maana, na kwamba hata taya lile lilikuwa ni moyo. Tungekuja mapema, pengine wangemuwahi.

Mama sijamwambia. Anaamini mwanawe hakuteseka. Wala barua yako sikumsomea. Mtoto wa kiume aliyebaki naye ni wewe tu, na bado hajamaliza kumlilia mwenzio.

Shangazi na mapacha wake wanakusalimu. Msalimie sana wifi yangu, umpe barua hii aisome kwa macho yake, maana wewe nakujua, utaikunja uiweke mfukoni. Mungu akufikishe kwa daktari ungali unatembea kwa miguu yako.

Usikae kunijibu. Nenda kwanza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa hasira.