Nimejitaja kwa Sauti Homa Bay

Mdogo wangu Atieno,

Nakuandikia jua likiwaka na tumbo limejaa samaki. Tangu niache kazi ya kusimamia jikoni kule Kisumu, nimezunguka Awendo na Uriri nikitafuta wenye hoteli wa kuwashauri, na kila nikifika naishia kuagiza chai, kulipa na kuondoka. Kujinadi kunanishinda, wanijua.

Leo nimekula kwa Bi Mwanaisha, mwenye hoteli hapa Homa Bay aliyetoka Lamu. Samaki wake ni mtamu, lakini moshi wa jikoni ulitutoa machozi sote. Nikamsikia akimlalamikia mteja mmoja, "Watu wananikimbia. Laiti ningempata mtu anayejua mambo ya jikoni!"

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Nikarudi, nikanong'ona, "Mama, mtu huyo ni mimi."

"Umemaliza samaki mzima kwenye moshi huu, na umenyamaza tu?" Akacheka mpaka akashika meza.

"Madam, sema kwa sauti na sisi tusikie," akasema yule mteja, kumbe naye ana hoteli Magunga.

Basi nikasema, Atieno! Jina langu, kazi niliyoifanya, jinsi nitakavyohamisha meko na kupanga wapishi ili chakula kisichelewe. Sauti ilitetemeka mwanzoni, halafu ikakaa sawa. Bi Mwanaisha akanivisha aproni yake mwenyewe, akasema nianze kesho. Yule wa Magunga ananingoja Jumatatu.

Wakumbatie watoto, na umwambie Mama nina furaha.

Dada yako akupendaye,
Akinyi