Tuliwangoja Junju

Jumatano, 6 Agosti 1986

Tangu Machi sijaandika humu. Kwa miaka thelathini na minane niliwaadhibu watoto kwa kuacha kurasa tupu, na sasa zangu zimekaa tupu miezi mitano. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa safarini. Ulikuwa uvivu, na uvivu hauna udhuru. Naomba radhi – kwa nani, sijui – na ninaendelea.

Asubuhi amekuja Mwambire, mwenyekiti wa Ushirika wetu wa wakulima wa nazi. Alikuwa amevaa kofia, kwa hiyo nilijua ni jambo la ofisi. Wanataka watu watatu waamue habari ya Gerishom, kocha wa timu ya Ushirika: yeye Mwambire, Bi Nyevu anayesimamia upimaji wa mbata, yaani nazi iliyokaushwa, na mimi.

Hoja ni hii. Gerishom amefundisha timu miaka sita. Mara mbili nafasi ya pili, mara moja nusu fainali. Kombe – hakuna. Kazi yake ya kila siku ni kutunza ghala, lakini ghala alipewa kwa sababu ya mpira, na nyumba anayokaa na mkewe na watoto ilikuja pamoja na ghala. Akiondolewa kwenye mpira, vyote vitatu vinakwenda. Jumamosi ni fainali ya wilaya, hapa hapa Kilifi, dhidi ya Junju. Kombe likipatikana, anasema Mwambire, hakuna kikao.

Nikamuuliza kwa nini mimi. Akacheka.

"Mwalimu, kocha huhukumiwa na bingwa. Kwani picha yako haipo pale ofisini?"

Ipo. Malindi, 1959. Mimi, kombe, na vijana kumi na mmoja.

Nimekubali.

Jumamosi, 9 Agosti

Mchezo ulipangwa saa kumi. Saa kumi, Junju hawapo. Mtu wa baiskeli akaleta habari: lori la mawe limekwama kwenye njia ya kupandia kivuko, ng'ambo ya Mnarani, na lori la Junju liko nyuma yake. Hakuna gari linalovuka.

Kanuni ya wilaya ni nusu saa. Ikipita, timu iliyopo imeshinda, isipokuwa yenyewe ikubali kungoja. Saa kumi na dakika ishirini Mwambire alikuwa ameshaliweka kombe mezani na kulifuta vumbi kwa leso yake. Wanawake walianza kuimba. Nusu saa ilipotimia, refa, Bwana Thuku, akaitazama saa, kisha akamtazama Gerishom.

Gerishom alivuka uwanja bila haraka. Akasema na refa maneno machache. Refa akaketi. Tukajua kwamba Junju wanangojwa.

Mwambire akamwendea. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Bwana we, una wazimu? Kombe hilo hapo. Lichukue."

Gerishom akajibu kwamba vijana wa Junju hawajafanya kosa.

"Na wakija, una hakika utawafunga?"

"Sina, Mwenyekiti. Ndiyo sababu ninawangoja."

Walifika saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Lori waliliacha, wakavushwa na mashua ndogo ndogo, wakapanda kilima kwa miguu, viatu vimening'inia shingoni. Dedan, nahodha wetu, alifunga bao katika kipindi cha kwanza. Junju wakasawazisha kwa kona. Dakika tatu kabla ya mwisho, jua limeshashuka chini ya minazi, wakapata la pili. Mbili kwa moja. Kombe limekwenda Junju.

Watu hawakumwacha Gerishom atoke salama. Mmoja alimwita kocha wa kukaribisha wageni. Mwingine: "Ungewapikia na pilau!" Mama muuza mahamri akasema pilau haitoshi, wangeozwa na mabinti kabisa. Nyaboke, mkewe Gerishom, alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu. Sikugeuka.

Jumapili, 10 Agosti

Ibada ilikuwa ndefu. Nje ya kanisa hakuna aliyezungumzia mahubiri.

Wakati wa chakula Kache aliniuliza mbona sili. Nikamwambia ninafikiri habari ya kocha.

"Kocha yupi?" akasema mke wangu. "Wa jana, au wa Malindi?"

Kache alikuwapo Malindi mwaka ule.

Basi nitaliandika, kwa kuwa sijapata kuliandika popote. Mwaka 1959 timu yangu haikucheza fainali. Kaloleni walikuwa wakija Malindi, nao kivuko cha Kilifi kikawachelewesha. Nilimwendea refa, nikamwonyesha saa yangu ya mkononi, nikamkumbusha kanuni. Tukapewa kombe. Kaloleni walifika magharibi, sisi tumeshapiga picha. Kocha wao alinipa mkono. Walikuwa wamezifunga timu saba hadi kufika fainali. Jina lake nilikuwa nalo. Sasa sinalo, na sidhani kama yupo mwingine aliye nalo.

Mwaka uliofuata nilifanywa mwalimu mkuu. Barua ilinitaja kuwa mtu wa nidhamu, aliyeiletea shule kombe.

Kanuni sikuivunja. Hilo nalo ni lazima liandikwe.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwita Gerishom nyumbani, nisije nikamhukumu mtu ambaye sijamsikiliza. Amekuja saa kumi na moja, amenyoa, amefunga vifungo vyote vya shati. Kiswahili chake kimenyooka zaidi kuliko kile alichokuja nacho kutoka Kisii.

Nikamuuliza kama aliwashauri wachezaji kabla ya kukubali kungoja. Hakuwashauri. Nikamwambia hilo ni kosa: kombe halikuwa lake peke yake kulikataa. Akakubali mara moja. Hakujitetea.

Nikamuuliza kama aliifikiria nyumba.

"Niliifikiria, Mzee. Na kama nisingeifikiria, mama watoto amenikumbusha tangu Jumamosi. Sasa hasemi nami ila habari za chakula." Binti yao mkubwa yuko darasa la nane. Mtihani ni Novemba. Wakihamishwa mwisho wa mwezi, ataufanyia mtihani wake katika shule ambayo hajaijua hata jina.

Kisha nikamuuliza swali nililokuwa nimelitayarisha. Mtu akisema asihukumiwe kwa hili, hana budi kusema ahukumiwe kwa lipi. Bila kipimo kila mzembe atajiita mwalimu. Kama si kombe – basi nini?

Alifungua kifungo cha shingoni. Nilidhani ameshindwa.

"Winga wetu wa kushoto," akasema. "Mwaka juzi hakuweza kuusimamisha mpira bila kuutazama mguu wake. Jumamosi hakuutazama hata mara moja. Uliona, Mwalimu?"

Sikuona. Dakika zote tisini nilikuwa nikilitazama kombe.

Jumatano, 13 Agosti

Posta. Nimekutana na Dedan, nahodha. Hubeba magunia ghalani, chini ya Gerishom. Shikamoo yake ni ya heshima, lakini leo uso ulikuwa mzito. Nikamuuliza: wao wenyewe wangelipokea kombe bila kucheza?

"Tungelipokea, Mwalimu. Nani angekataa? Ila tungelificha kidogo tukipita Junju."

Akacheka. Kisha kicheko kikaisha.

Amesema ana miaka thelathini na mmoja. Goti lake la kulia halina fainali nyingine. Si kwamba angekataa kungoja – huenda angekubali. "Lakini aniulize. Mimi ndiye nahodha. Aniulize tu." Hajaenda mazoezini tangu Jumamosi, wala ghalani hasemi na Gerishom ila kuhesabu magunia.

Malalamiko haya ni mazito kuliko kelele zote za uwanjani. Nimeyaandika jinsi yalivyo.

Ijumaa, 15 Agosti

Kikao. Saa nne asubuhi, ofisi ya Ushirika, watu watatu na chupa moja ya chai.

Mwambire alizungumza kwanza. Alizungumza vizuri, sitamwibia haki yake. Alisema mkulima hausifu mnazi kwa kivuli chake. Alisema watu wanatoka mashambani kwa miguu kuja kuitazama timu hii, miaka sita, na kila mwaka wanarudi makwao na habari ya "tulikaribia". Alisema kombe lilikuwa mezani, na mtu aliyeajiriwa ili alilete ndiye aliyelirudisha.

Bi Nyevu akaweka kikombe chini.

"Mwenyekiti, mnazi huanza kuzaa mwaka wa saba. Huyu ana sita."

Hata Mwambire alicheka. Bi Nyevu aliendelea kwamba wanawe wawili wamepita mikononi mwa Gerishom. Zamani timu ikifungwa, vioo vya watu vilivunjwa hadi sokoni. Jumamosi vijana walifungwa baada ya kulikosa kombe la bure, na wakawapa Junju maji ya kunywa. "Hayo aliwafundisha nani? Mimi mama yao nilishindwa."

Kura moja aondoke, kura moja abaki. Mwambire akanigeukia, akanyoosha kidole ukutani, kwenye picha.

"Haya. Bingwa atuamulie."

Nilisimama. Mtu akisema jambo la aina ile, na asimame. Nikawaeleza habari ya Malindi kama nilivyoiandika humu Jumapili, bila kuongeza na bila kupunguza. Nikasema: kama kombe ndilo hukumu, basi mwaka ule mimi nilikuwa kocha bora kuliko mtu aliyezifunga timu saba, nami najua haikuwa hivyo.

Bi Nyevu aliitazama meza. Mwambire alinitazama mimi, wala hakukasirika. Hilo ndilo lililonichoma.

"Mwalimu. Hukuwa mwalimu mkuu mwema? Miaka kumi na minane? Mwanangu mimi umemfundisha wewe, leo ni daktari. Waliokupa cheo kwa sababu ya lile kombe – walikosea wapi?"

Ni saa mbili za usiku sasa, na bado nalitafuta jibu.

Kisha Mwambire akafungua katiba ya Ushirika, akasoma kifungu cha kumi na nne: mjumbe ambaye habari yake mwenyewe imeingia katika shauri atatoa ushahidi, hatapiga kura. Alikisoma sawasawa. Kifungu kile nilikiandika mimi, mwaka 1974, na nilikipigania mbele ya watu waliosema ni kikali mno.

"Basi wewe ni shahidi," akasema. "Asante kwa ushahidi."

Kanuni inataka nafasi yangu ijazwe na mwakilishi wa wanaohusika. Wanaohusika ni wachezaji. Mwakilishi wao ni nahodha. Kura ya tatu, kura ya kuamua, ni ya Dedan. Kikao Jumatatu.

Tulipotoka Bi Nyevu alinishika mkono, jambo ambalo hajapata kulifanya.

"Mwalimu jamani. Ungepiga kura kwanza, ndipo useme."

Ningekuwa nimemwokoa mtu, kweli. Lakini nisingekuwa nimesema kweli mahali pake. Nimeisoma sentensi hii mara tatu na sijui kama inanitetea au inanishtaki.

Jumamosi, 16 Agosti

Nyaboke ameonekana akiomba maboksi dukani. Kache ameniambia.

Jumapili, 17 Agosti

Saa tisa alasiri Dedan amepiga hodi. Kache amempa kiti barazani na chai. Alikuwa anachechemea.

Alianza kwa kusema hakuja kwa kura. Nikamwambia vema, kwa maana shahidi hana ruhusa ya kuizungumza. Akasema anaijua kanuni. Mwambire amemsomea mara mbili.

Kisha akanieleza habari ya jana. Alikwenda uwanjani jioni kumgombeza Gerishom. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Jumamosi ile, hata alikuwa akiyasema peke yake ghalani. Aliyasema yote mbele ya timu nzima: kwamba alidharauliwa, kwamba hakuna nahodha anayetendewa vile, kwamba miaka yake imekwisha na hana cha kuwaonyesha wanawe.

"Akakujibu nini?"

"Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, ni kweli, ningekuuliza. Mbele ya wote. Kisha akasema beki mmoja hajaja, nivue shati niingie."

"Nawe?"

"Niliingia, Mwalimu."

Ndiyo maana anachechemea. Goti limevimba kama embe dodo. Nikamkaripia, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, na timu haina mchezo hadi mwezi ujao. Akasema najua, najua.

Halafu akaniuliza, polepole, akiwa ameinamia kikombe: kura ingekuwa yangu, ningeiweka wapi?

Kwa miaka thelathini na minane nilikuwa nikisubiri watoto waulize maswali ya namna hii. Nikamjibu kwamba shahidi hasemi. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuinuka.

Nimeingia ndani kuandika, ili ulimi usinitoroke. Dirisha liko wazi. Bado yuko barazani; namsikia Kache akimuuliza kama aongezewe chai, naye anasema ndiyo. Kikao ni kesho saa nne. Mistari mitano chini ya huu ninaiacha wazi. Watakachoamua nitakiandika hapo jinsi kitakavyokuwa, hata kikiwa kibaya, wala sitaongeza maoni yangu.