Jina Lisilopigwa Mstari

London, 3 Machi 1536

Dada Sybil,

Bwana Humfrey Ravenhill amekabidhiwa muhuri wa Mfalme. Ametuambia mwenyewe leo asubuhi, akiwa amesimama mezani na mkate mdomoni. Kuanzia sasa hakuna agizo litakalotoka ikulu bila kupita mkononi mwake, wala bila kupita kwenye meza yetu sisi makarani wake watatu.

Nimetanguliza habari kabla ya salamu, nisamehe. Hujambo? Goti lako limepona? Na Baba, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mzima, ila vidole havitoki wino hata nikivisugua kwa mchanga.

Wapo mabwana wakubwa wanaoziba pua akipita, kwa sababu baba yake alikuwa mtengeneza ngozi kule Gloucester. Juzi mmoja alimwuliza mbele ya watu, "Ravenhill, leo unanuka nini?" Akajibu, "Kazi, Bwana. Hujawahi kuinusa." Mfalme alicheka mpaka akashika kiuno. Aliyeuliza hakucheka.

Tumepewa makoti mapya ya kijivu, na kwenye bega nembo yake ya kunguru mweusi. Utaratibu wake wa kazi ni huu: kila asubuhi huandika mambo ya kukumbuka kwenye ukanda mwembamba wa karatasi. Lililofanyika hulipiga mstari. Ambalo halijapigwa mstari huhamia kwenye ukanda wa kesho. Tangu nimjue hajasahau kitu.

Barua hii inaletwa na Cuthbert Pell, pamoja na farasi wake wanaobeba sufu. Mpe bia, kiu yake unaijua.

Mdogo wako,
Ambrose


Thorneby, 21 Mei 1536

Mdogo wangu Ambrose,

Nyumba ya masista imefungwa Jumanne. Hati tulisomewa na mtu mwenye koti la kijivu kama lako, na chini yake palikuwa na muhuri ulionisimulia. Masista kumi na mmoja wametoka, kila mmoja na bunda lake. Sista Mkuu, aliyenifundisha kuandika hiki unachokisoma, sasa anakaa kwa mpwa wake, anamenya njegere.

Unaendeleaje huko? Unakula? Sisi wazima. Goti limepona. Baba hakohoi tena, siku hizi anafoka tu. Miaka thelathini nta ya mizinga yake ilikuwa mishumaa ya masista. Sasa imejaa chumbani mwake na hakuna wa kuichukua.

Jumapili alikwenda kunywa bia, akasema kilabu kizima kikisikia, "Mfalme akiishiwa wake wa kuoa na nyumba za Mungu za kubomoa, tutamlisha nini?" Watu walicheka mpaka bia ikamwagika. Piers Gamlyn, yule mzee wa kanisa, yeye alisogeza kiti. "Unasemaje, Mzee Oswin? Hebu rudia, masikio yangu mabovu." Na Baba, unavyomjua, akarudia, tena kwa sauti ya juu zaidi.

Nimekuandikia haya ili ucheke kidogo.

Dada yako,
Sybil


London, 9 Juni 1536

Dada,

Choma barua hii ukishaisoma. Yako nimeichoma.

Natumaini mko salama, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea. Gamlyn ameandika. Barua yake ilifika Alhamisi, na kati ya makarani watatu ilitua kwangu. Maneno ya Baba yamo yote, pamoja na siku, mahali, na majina ya watu saba waliosikia. Niliitia motoni wakati Robin Askew, karani mwenzangu, amenipa mgongo.

Wewe unaona ni maneno ya bia. Sheria haioni hivyo. Anayemtukana Mfalme, kwa mdomo tu, bila kushika hata kisu, ni mhaini, na mhaini anakufa. Sheria hiyo naijua neno kwa neno. Bwana ndiye aliyeitunga, na nakala safi niliiandika mimi. Tangu Krismasi watu tisa wamekufa kwa barua kama hiyo ya Gamlyn. Mmoja alikuwa mwoka mikate wa Kent aliyesema Mfalme amenenepa.

Mwambie Baba anyamaze. Bia anywe nyumbani. Akikutana na Gamlyn, amvulie kofia.

Mdogo wako,
Ambrose


Thorneby, 2 Oktoba 1536

Mdogo wangu,

Gamlyn amepeleka barua ya pili. Ameniambia mwenyewe mlangoni pa kanisa, meno nje: "Ile ya kwanza nadhani ilipotea njiani, Sybil. Hii nimempa mkononi mtu wa Bwana Ravenhill, aliyekuja kukagua mawe ya nyumba ya masista." Anachotaka ni ghala la masista. Anaamini bwana wako atampa kwa uaminifu wake.

Afya zetu ni hivyo hivyo. Wewe je, unalala? Baba ananyamaza, na kunyamaza kwake kunanitisha kuliko kelele. Anakaa na nyuki wake tangu asubuhi. Mtu akibisha hodi, mimi hudondosha nilichoshika. Tangu mwezi uliopita nimevunja mabakuli mawili.

Barua hiyo imefika kwako? Nijibu hata neno moja.

Dada yako,
Sybil


London, 14 Februari 1537

Dada,

Haikufika kwangu. Ilifika kwake.

Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa sina hakika. Sasa ninayo. Poleni kwa kungoja, na poleni na baridi. Jana Bwana aliniita peke yangu, akanipa kiti, jambo ambalo halifanyi.

"Baba yako anafuga nyuki, sivyo?"

"Ndiyo, Bwana."

"Hajambo?"

"Hajambo, Bwana."

"Mwambie ajitunze. Watu wenye baba wazee hufanya kazi vizuri." Akanisogezea ukanda wa siku hiyo. Mambo kumi na mawili, kumi na moja yamepigwa mstari. La mwisho liliandikwa: *Thirkell wa Thorneby, nta.* Akauchukua tena, akaukunja, akautia kifuani. "Niliandikiwa barua mbili," akasema. "Moja sijui ilikwenda wapi. Wewe unajua?"

Nilisema sijui. Akacheka kidogo, akanirudisha kazini.

Hataki kumwua Baba. Anataka nijue kwamba anaweza. Kila asubuhi naona jina letu likihamia kwenye ukanda mpya, kwa mwandiko wake mzuri. Sasa ni lodi, bwana mkubwa wa nchi, ana nyumba nne, na wale waliokuwa wakiziba pua wanangoja mlangoni kofia mkononi. Hakuna aliye juu yake ila Mfalme. Usiniombe nirudi nyumbani. Nikiondoka, sijui atalifanyia nini jina lile.

Mdogo wako,
Ambrose


London, 4 Januari 1539

Dada,

Mfalme amekataa zawadi ya Mwaka Mpya ya Bwana Ravenhill. Robin Askew alikuwapo, akishika daftari la zawadi, na ndiye aliyetusimulia. Zilipangwa kama kawaida kwenye meza ndefu, na Mfalme akazipitia moja moja. Alipofika kwenye saa ya fedha ya Bwana akauliza, "Ya nani hii?" Akaambiwa. Akaendelea kutembea. Kabla ya chakula cha mchana saa hiyo ilikuwa imerudishwa kwetu, ndani ya kitambaa kile kile.

Heri ya mwaka kwenu. Asante kwa asali. Nilificha mtungi, Robin akaupata.

Sababu inajulikana. Bwana aliahidi kwamba Wafaransa wangetia sahihi mkataba, nao hawakutia. Mfalme hapendi kuchekwa na Wafaransa. Nyumba yetu haizungumzi. Robin amefumua nyuzi za kunguru begani mwake na kuacha uzi mmoja tu, ili siku ikifika avute mara moja. "Na wewe fumua," ananiambia. "Usijifanye shujaa wa watu." Sijafumua. Bwana anakagua mabega yetu kila asubuhi, na ukanda ule bado uko kifuani mwake.

Mdogo wako,
Ambrose


London, 12 Juni 1539

Dada,

Bwana Ravenhill alikamatwa Ijumaa tarehe 6, mezani, kwenye kikao cha Baraza. Mlinzi wa mlango anasema wenzake wenyewe ndio waliomvua mkufu wa cheo, wakigombania nani ashike. Yuko Mnarani, gerezani kwa Mfalme. Karatasi zake zote zimechukuliwa, na kanda zake zote zimo.

Mko wazima? Nijibu upesi, kwa sababu nina swali la Baba.

Robin alivuta uzi wake kabla farasi wa askari hawajasimama. Mimi nilikata kwa kisu. Haikusaidia: koti limepauka miaka yote hii, na mahali alipokuwa kunguru pamebaki peusi, mbawa na mdomo. Sir Edmund Wace, anayekagua karatasi kwa niaba ya Mfalme, alipaangalia hapo kwanza kabla ya uso wangu.

Alikuwa ametandaza kanda mezani. "Huyu Thirkell ni nani?"

"Baba yangu, Bwana."

"Na barua hii ya mzee wa kanisa unaijua?"

Niliinama kuutazama mwandiko wa Gamlyn.

"Tulia, kijana. Mimi sina haja na mfuga nyuki. Ulimsikia mkuu wako akisema Mfalme ni mgonjwa, na kwamba yeye ndiye anayetawala?"

"Sikumsikia."

"Fikiri vizuri."

Bwana hatasikilizwa na jaji. Mwaka jana alitengeneza njia ya Bunge kumhukumu mtu bila kumwita, na sasa wanaitumia kwake. Lakini wanataka karatasi moja yenye kiapo ya kuwasomea wabunge. Nikiapa, Wace atapiga mstari jina la Baba mbele yangu na barua ya Gamlyn itachomwa. Nisipoapa, barua itakwenda kwa jaji wa Lincoln. Nimepewa mpaka Jumatatu tarehe 30, saa tatu asubuhi.

Sikumsikia akisema hivyo, Dada. Alikuwa mtu mbaya, lakini hilo hakulisema. Mwulize Baba nifanye nini. Nitangoja jibu mpaka dakika ya mwisho.

Mdogo wako,
Ambrose


Thorneby, 25 Juni 1539

Mdogo wangu,

Baba amejipeleka mwenyewe Lincoln. Pell alimwona jana akiingia kwa sherifu, akanijia mbio kuniambia.

Natamani kukuuliza hali, lakini acha nikueleze kwanza. Nilimsomea barua yako Ijumaa. Akaniambia nirudie pale penye kiapo. Kisha akauliza, "Hilo neno yule mtu alilisema au hakulisema?" Nikamwambia Ambrose anasema hakulisema. Akaenda kwenye mizinga yake, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Jumatatu asubuhi akavaa viatu vya kanisani.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kusema nilichokisema. Nikishakisema mimi, Ambrose hana cha kununua kwao."

"Watakuua."

"Huenda wakanicharaza tu. Miaka mitatu umekuwa ukivunja mabakuli, Sybil. Tutakulia nini?"

Nilimshika koti, nikalia, nikamtukana hata. Gamlyn alitoka mbio, kifungo kimoja hakijafungwa. "Mzee Oswin, rudi! Mimi nilitaka ghala tu, sikutaka mambo yafike huku!" Baba akamvulia kofia, kama ulivyoagiza, akaendelea na njia.

Jaji wa Mfalme ataisikiliza kesi yake Jumatano ijayo, tarehe 2 Julai. Mimi naondoka leo hii kwenda kukaa karibu naye.

Kwa hiyo jibu lake ni hili: usiape. Amenituma nikuandikie neno hilo moja tu, mengine ni yangu. Pell anaogopa kubeba barua yenye jina lako, na simlaumu. Nimempa mtu anayeswaga kondoo mpaka London. Nimemsihi afike kabla ya Jumatatu. Ameniambia kondoo hawaharakishwi.

Dada yako,
Sybil


London, 30 Juni 1539, saa tano asubuhi

Dada,

Jina la Baba limepigwa mstari. Sir Edmund Wace ameupiga mbele ya macho yangu, kwa wino mwingi, na barua ya Gamlyn nimeiona ikiungua mpaka mwisho.

Hamjambo? Jibu lenu halikufika. Jana nilisimama kwenye lango la kaskazini mpaka likafungwa, na leo tangu lilipofunguliwa. Palikuwa na mikokoteni ya maziwa, na kundi la kondoo lililoziba njia, basi. Pell sikumwona. Saa tatu niliweka mkono juu ya Biblia, nikasema nilimsikia. Ilichukua muda mfupi kuliko kunoa kalamu. Wace akaniambia, "Umeona? Hata huumwi." Bwana Ravenhill atakatwa kichwa Alhamisi, tarehe 3. Sitakuwapo.

Najua Baba atanikasirikia, na nitamwacha anikasirikie anavyotaka. Nimeliacha lile koti hapa. Naondoka kesho alfajiri na nitafika Thorneby Jumapili, tarehe 6 Julai, kabla ya kengele ya kanisa. Mwambie yamekwisha, ahesabu siku hizo sita, na asitoke nyumbani mpaka nifike.

Mdogo wako,
Ambrose