Nyumba Ikiwa Njiani, Nami Nikiwa Ndani

Nje kidogo ya Manassas,
Virginia, Marekani.
9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Benadetha,

Kuna jambo nimekuficha tangu mwezi wa Mei, na sitaki kufa nalo. Siku ile mlipopata habari huko Kamachumu kwamba nimefariki, nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, ndani ya nyumba yangu, na nyumba yenyewe ilikuwa inakwenda barabarani juu ya magurudumu. Lile turubai mliloliona kwenye picha halikuwa la msiba. Wala halikuwa la kuniaga nirudi nyumbani, kama nilivyokuambia kwenye simu. Nilikudanganya, nawe ukafurahi, na furaha yako ndiyo iliyonifunga mdomo mpaka leo.

Lakini kwanza nikusalimu. Shikamoo yako ya Jumapili niliipokea, marahaba, mwana wa mama. Goti linaendeleaje? Usione haya kushika mkongojo kwenda kanisani. Mimi ninayo miwili, mmoja wa ndani na mmoja wa nje. Je, mvua zimekuja? Kahawa ya mwaka huu imewapa chochote?

Mimi moyo umechoka na miguu inavimba. Macho nayo yanazidi kuniacha, ndiyo maana unaona herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Zamani daktari alikuwa ananipangia miadi ya miezi sita mbele. Siku hizi ananipangia ya wiki mbili. Hajasema neno, lakini mtu aliyefundisha hisabati maisha yake yote hahitaji kuelezwa. Sina maumivu makali. Nakula, nalala. Usilie.

Nyumba yangu unaijua kwa picha: ya mbao, nyeupe, yenye kibaraza mbele. Mwaka jana kampuni moja ilinunua mtaa wetu mzima ili ijenge maghala ya kuwekea kompyuta. Majirani walichukua chao wakaondoka, na nyumba zao zikabomolewa. Ulipopata habari ulisema Mungu amefungua mlango, sasa kaka anarudi. Najua unavyopapalilia mahali pangu pale kibanjani, kwenye migomba yetu, kando ya kaburi la baba, kila mwaka, na unavyowaambia watu hapa ni pa Christopher. Sikuwa na ujasiri wa kukujibu.

Huku nyumba ya mbao inaweza kung'olewa nzima ikapelekwa kwingine. Aliyenipa wazo ni rafiki yangu Kalamu, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, naye huongea kama anasoma taarifa ya habari. Alinikatia kipande cha shamba la wazazi wake, kwenye njia ya kwenda Woodbridge. "Mzee mwenzangu," aliniambia, "kwa nini uiache nyumba yako ibomolewe ilhali inao uwezo wa kusafiri?"

Watu walidhani nimerukwa na akili. Lakini Benadetha, nyumba hii naijua kwa mikono. Najua gizani swichi iko wapi na ubao gani wa sakafu unacheza. Nyumba mpya ingenimaliza kwa kujikwaa. Tena shamba la Kalamu limepakana na lile kanisa dogo nilikomzika wifi yako Flaviana, mwaka ule wa korona. Nyumbani kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja chake, penye nyumba yake. Flaviana alizikwa mbali na mlango wake, na jambo hilo lilikuwa linaninyima usingizi. Basi wengine husafirisha maiti kuipeleka nyumbani. Mimi nikasafirisha nyumba kuipeleka kwa marehemu.

Fundi mkuu aliitwa Wayne, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Yeye na vijana wake waliitenga nyumba na msingi, wakaondoa kibaraza na bomba la moshi, wakaiinua kwa jeki pole pole mpaka wakapitisha vyuma na magurudumu chini yake. Sheria yake ilikuwa moja: safarini hakuna mtu ndani.

Nilimwambia Waringa, yule binti wa Nyeri anayenitunza, kwamba nitapanda gari la Kalamu. Nikamwambia Kalamu kwamba nitapanda gari la Waringa. Halafu nikazunguka nyuma, walikoegemeza ngazi ya mbao, nikapanda kwa makalio, kidato kimoja baada ya kingine, kama mtoto anayejifunza. Usiniulize kwa nini. Niliona si haki nyumba iende peke yake.

Tulikwenda mwendo wa ng'ombe waliotoka kunywa maji. Polisi alitangulia na taa zake, na vijana wawili wakainua nyaya za umeme kwa miti mirefu ili paa lipite. Nimeishi katika nyumba ile karibu miaka arobaini na dirisha la jikoni halijawahi kunionyesha kitu kingine zaidi ya uzio wa jirani. Siku hiyo lilinionyesha mashamba, farasi, na kivuli cha mama mmoja wa Kizungu aliyesimama kwenye baraza lake na kikombe mkononi. Nikampungia. Naye akanipungia, kisha akainamia kikombe chake akakichungulia.

Kwenye kona ya kwanza tuliangusha sanduku la barua la watu. Kwenye kona ya pili tawi la mti lilivunja kioo cha bafuni likaingia lote na majani yake. Taa ya sebuleni ilikuwa inabembea kama kengele ya misa. Nilishika mikono ya kiti nikasali, na katikati ya sala nikajikuta nacheka.

Tulipokwisha kuvuka reli, tairi mbili zikapasuka kwa pamoja. Nyumba ikainama. Kabati likafunguka, sahani zikatoka moja moja kama watu wanaotoka ibadani. Kiti changu kikateleza kutoka sebuleni hadi mlangoni, mimi nikiwa juu yake, na mlango nao ukafunguka. Nikajikuta nimekaa kizingitini natazamana na polisi. Akavua kofia.

"Guka!" Waringa alipiga kelele; ndivyo kwao wanavyomwita babu. "Hii ni mchezo gani? Si uliniambia uko na Kalamu?"

"Nami niliarifiwa yuko nawe," Kalamu akasema. "Ametuhadaa sote."

Wayne alishika kichwa kwa mikono miwili. Halafu akauliza, kwa ile sauti yake ndogo, kama kuna mtu mwingine ndani.

Tairi za aina ile hazikupatikana siku hiyo. Nyumba ikasogezwa kwenye uwanja wa karakana iliyofungwa, ingoje kesho. Wenzetu waliokuwa wanatusubiri shambani kwa Kalamu, Watanzania, Wakenya na mume na mke kutoka Bukavu, wakaona chakula kisiharibike. Wakabeba masufuria, viti na turubai wakatufuata pale. Mvua ikaanza kunyesha. Ndani ilikuwa marufuku kuingia. Kwa hiyo wanaume wakakaa nje chini ya turubai, wamechoka, wameinamisha vichwa, na wanawake wakazunguka masufuria nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nimelazwa kwenye gari la Kalamu, nimefunikwa blanketi. Mtu mmoja akapiga picha akaituma kwenye kundi letu la simu bila kuandika neno. Hata mimi ningeiona picha ile, nyumba ya mzee Christopher, turubai, wanaume nje, na mwenyewe haonekani, ningevua kofia.

Wa kwanza kufika alikuwa Mwatumu wa Langley Park, mama wa Tanga ambaye hupika katika shughuli zetu zote na siku hiyo alikuwa kazini. Alishuka garini amejitanda khanga, analia kwa sauti.

"Babu yetu! Umeondoka bila kutuaga!"

Nikateremsha kioo. "Mwatumu, karibu chai."

Alikaa chini palepale kwenye maji. Kisha akainuka akanipiga kwa ncha ya khanga. "Mzee huna adabu! Nimelia tangu Langley Park, na foleni yote ile! Nimepita taa nyekundu kwa ajili yako!"

"Sasa machozi hayo tuyapeleke wapi?" mmoja wa wanaume akamchokoza.

"Yawekeni akiba, atayahitaji. Na nipeni pilau, nina njaa."

Tulicheka mpaka kifua kikaniuma. Waliokuja nyuma yake na rambirambi wakapewa sahani. Hatukujua kwamba picha ilikwisha fika Dar es Salaam, na kutoka Dar ikafika kwenu. Simu yangu ilikuwa ndani ya nyumba, imelala chini ya sahani zilizovunjika. Yaliyotokea huko unayajua kuliko mimi: mwanao Kalisti na vijana wakachimba kaburi usiku kucha, na asubuhi ulipompata Waringa kwenye simu shimo lilikuwa tayari, ikabidi wazike mgomba ili lisikae wazi. Mwambie mwanao namwomba radhi kwa malengelenge ya mikono yake.

Uliposikia sauti yangu uliuliza: kama hukufa, turubai lilikuwa la nini? Ningeweza kukueleza kila kitu dakika ile. Badala yake nikasema walikuwa wananiaga, narudi. Ukapiga vigelegele peke yako, saa ile ya asubuhi. Ndipo nilipojua nimefanya nini.

Nyumba ilifika siku ya pili yake. Wayne aliiteremsha juu ya msingi mpya kwa utaratibu wa mtu anayelaza mtoto. Hasara ilikuwa kioo cha bafuni, sahani, na ufa mmoja darini. Nilipoingia nilitoka kitandani hadi bafuni bila kugusa ukuta, na Waringa aliyekuwa ananifuata na mikono yake tayari akaishusha. Tangu hapo nimelala vizuri kuliko miaka yote hii mitano. Jumapili, watu wakitoka kanisani, nasikia sauti zao kutoka kitandani, na najua Flaviana naye yuko karibu na sauti hizo hizo.

Kinachonisumbua ni simu zako tu. Unaniuliza tarehe ya ndege. Umeniambia chumba kimepakwa rangi, na Kalisti ametengeneza choo cha kukaa kwa ajili yangu, na padre amekwisha kutangaza kanisani kwamba narudi. Kila ukisema hivyo nasema karibuni, na ninachukia sauti yangu mwenyewe.

Nisalimie Kalisti, mkewe na watoto wote. Nisalimie dada zetu wa kwaya waliobaki. Kalamu anakusalimu kwa Kiswahili kirefu ambacho sitaweza kukiandika chote, na Waringa anasema umwekee senene wa kukaanga. Mungu akupe nguvu za kukipanda kilima cha kanisa, akulinde na watu watakaokuuliza maswali juu yangu, akupe na moyo wa kunisamehe.

Sasa niseme lile nililolizunguka barua nzima. Unawaambia watu kwamba ugonjwa ndio unaonichelewesha. Si ugonjwa. Nilimwuliza daktari mwezi wa Juni, akasema naweza kusafiri, na Waringa alikuwa radhi kunisindikiza mpaka mlangoni kwako. Nauli ninayo, pasipoti ninayo. Hakuna aliyenizuia, Benadetha. Sirudi kwa sababu sitaki. Nataka kuzikwa huku, karibu na mke wangu, na nimekwisha kuwaambia wa kanisa.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda leo kama jana,

Christopher