Mshono Niliousifia

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daftari hili ni la vipimo. Urefu, upana, matundu ya kamba. Leo sina cha kupima, basi naandika maneno. Niliishia darasa la tatu, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa daktari!

Mke wangu amelazwa. Asubuhi alikuwa anaanika nguo, akashika kiuno, akakaa chini karibu na beseni. Akasema, Sindano, mgongo leo si wangu. Sindano ni mimi. Miaka arobaini na moja ananiita hivyo, kwa sababu nashona maturubai ya malori, na kwa sababu ya ulimi wangu. Hakuna mzigo uliowahi kulowa chini ya turubai langu. Hakuna! Waulize madereva.

Binti yetu mkubwa alikuja na gari la jirani. Tukamleta. Wamempiga picha. Tunangoja.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Daktari ametuita. Ni yule yule wa miaka minne iliyopita, sasa ana mvi. Wakati ule mshipa mkubwa wa damu, unaoshuka tumboni, ulikuwa umevimba kama mpira wa tairi penye udhaifu. Hawakupasua tumbo. Walipitisha mrija wa kitambaa kwenye nyonga, ukaenda kukaa ndani ya mshipa. Damu ipite humo, uvimbe upumzike.

Leo anasema mke wangu atafanyiwa upasuaji presha ikishuka, maana damu inavuja pembeni ya mrija na kuingia kwenye uvimbe. Ulikuwa sentimita tano na nusu. Sasa nane. Nimerudi kwenye benchi nikatoa futi yangu ya kupimia. Nane! Ni ngumi yangu hii.

Kule ndani daktari aliuliza, mbona kadi yake ya kliniki ina muhuri mmoja tu? Niliwaambia picha kila mwaka. Mlikuja mwaka wa kwanza, halafu kimya. Miaka mitatu!

Mimi nikatazama dirisha.

Mke wangu akasema, mimi ndiye niliyekataa. Nilichoka na mashine zenu.

Uongo. Uongo mtupu. Huyu hajawahi kuchoka na kitu, hata na mimi hakuchoka.

Binti akamjia juu hapo hapo. Mama! Una kichwa kigumu kama Baba!

Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Mimi — nisiyeshindwa na neno.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Niandike tu. Hakuna anayesoma.

Miaka minne iliyopita, kabla hawajamwekea, daktari alituonyesha mrija wa mfano. Kitambaa kimeshonewa pete za waya. Nikaomba niushike. Nikauvuta. Nikaugeuza ndani nje, nikapitisha ukucha mshono kwa mshono. Kazi safi! Nikamwambia daktari, ukikosa fundi niite. Akacheka. Tulipotoka nje mke wangu akauliza, Sindano, hautavuja? Nikajipiga kifua. Mshono ule hauvuji mpaka tuzikwe wote wawili, nikasema.

Ilipofika tarehe ya picha ya pili alikuwa ameshavaa viatu. Nikamwambia vua. Kazi iliyoshonwa vile haichunguliwi kila mwaka. Nimeikagua mimi, wanataka nani zaidi? Kadi nikaitupia kwenye kopo la sindano, juu ya kabati. Akavua viatu. Taratibu, kimoja kimoja. Namwona mpaka sasa.

Mwaka uliofuata aliuliza mara moja. Mwaka huu hakuuliza.

Mgongo ulipoanza, mwezi wa kwanza, nikasema ni godoro. Nikalifumua, nikalishona upya, pamba mpya, mishono mara mbili. Akasema, sasa nalala kama malkia. Lakini akiamka anashika ukuta. Akiniona, anauachia.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimemfuata daktari koridoni. Nilikwenda kugomba. Nikamwambia, nionyeshe pale mshono ulipoachia.

Akanionyesha picha kwenye kompyuta. Akasema, mzee, haujaachia hata mmoja. Kitambaa kizima. Kilichotanuka ni mshipa wenyewe, hapa juu mrija ulipojishikiza. Mrija umeteleza kidogo, damu ikapata njia ya pembeni. Picha za kila mwaka ni za kutazama hilo. Tungeliona likiwa dogo.

Kumbe nilisema kweli. Mshono ni mzuri!

Heri ningekuwa nimekosea.

Turubai zima halifai kitu kama bodi ya lori imepanuka. Hilo najua tangu ujana. Dereva akibadilisha bodi namwambia, rudi nipime tena. Nimewaambia watu wasio na idadi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikataza hata kuutazama ufa.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Binti hazungumzi na mama yake. Anamnywesha chai, anamfuta mdomo.

Alipotoka kuosha kikombe nikauliza, kwa nini ulisema ni wewe? Akasema, wewe ukilaumiwa hulali, na usipolala mimi silali. Akacheka, akashika tumbo. Nikasema nitamwambia mtoto. Akasema, usinigombanishie watu mimi nikienda kulala usingizi wa dawa. Ukitaka kunifurahisha nishonee gauni. Maturubai ya mji mzima umeshona, gauni moja limekushinda!

Ni kweli. Nilimwahidi tulipooana. Halafu nikawa nasema vitambaa laini si kazi ya mwanamume.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Presha imeshuka. Upasuaji ni keshokutwa. Watajaribu kuongeza kipande kingine juu ya mrija. Kisiposhika, watafungua tumbo. Daktari akasema, sitawadanganya, ni hatari.

Nimeleta kitambaa. Bluu. Nimempima akiwa amelala. Kiuno chake — futi ilizunguka ikabaki ndefu mkononi mwangu. Akasema, usinipunje, acha nafasi, nitanenepa tena.

Uzi mwembamba mno. Vidole hivi vimezoea kamba.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Saa nne wamemchukua. Binti alisimama mlangoni, hakumkumbatia. Akasema tu, ungekwenda, Mama. Ungekwenda tu.

Mama yake akamjibu, nisamehe, mwanangu.

Amemwomba msamaha! Kwa kosa langu! Nami nimesimama hapo kama mlingoti. Kitanda kikapita. Mlango una springi, ukajifunga wenyewe.

Saa sita. Hakuna habari.

Saa saba na nusu. Nesi amepita mbio na mfuko wa damu. Halafu mwingine. Hawakututazama.

Binti analia sasa. Hata sikumshika mkono, anasema. Baba, wewe ulikuwepo nyumbani. Kwa nini Mama alikataa?

Nikafungua daftari. Gauni liko mapajani, limebaki mkono mmoja.

Amejifuta uso. Anasema, Baba, hata hapa unaandika vipimo? Hebu nione.

Nimeushika ukurasa wa Alhamisi niunyofoe. Hautoki. Kurasa zilipoanza kuachia mwaka jana nililishona daftari mwenyewe, uzi wa turubai, mishono mara mbili. Hautoki!

Ameshanyoosha mkono