Waya wa Nne wa Nyota ya Getini

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu ulipoacha kutugombeza. Nyumba imetulia. Milango inafungwa polepole, chai inanyweka ingali moto, na Baba anasikiliza redio yake bila mtu kumwambia apunguze sauti. Watu wakituuliza kama tumezoea kuishi bila wewe, tunajibu ndiyo, na jibu hilo lina ukweli zaidi kuliko wanavyodhani.

Siku ya maziko tulisema maneno mazuri. Tulisema ulikuwa mchapakazi, mkweli, mtu wa watu. Kaburi likiwa bichi, nani atathubutu kusema vingine? Sasa udongo umekauka. Leo, kwa tangazo hili la gazetini, tunakukumbuka jinsi ulivyokuwa, na tunataka majirani wasikie, maana hata wao walidanganywa.

Tuanze na mema yako, usije ukasema tumekuonea.

Ulikuwa fundi. Mtaa mzima ulikuita Fundi Taa, na haukukosea. Ulichomelea nondo zikawa nyota, matao na ndege wenye mabawa, ukazivika taa za rangi, ukazisimamisha juu ya mageti na mapaa kila msimu wa sikukuu. Mafundi wengine walitundika za kwao zikang'aa siku mbili, upepo wa mwisho wa mwaka ukaja, kesho yake watu wakaokota vioo barabarani. Zako zilibaki. Ulikuwa ukisema upepo ni mgeni mkorofi, ukimfungia mlango atauvunja, afadhali umwachie njia apite zake. Ndiyo maana hukuweka bati wala turubai kwenye kazi yako. Ulijenga fremu tupu, upepo ukapita kama maji kwenye chujio.

Kila taa uliifunga mara mbili. Waya wa umeme uliuachia ulegevu kidogo, ukitikiswa usikatike. Soketi ulizielekeza chini mvua isiingie. Kisha ulifunga nyaya nne za chuma, mmoja kila upande, ukazivuta hadi kwenye mapipa yaliyojaa zege. Ukimaliza ulijining'iniza mwenyewe, na mwili wako ule haukuwa mdogo, ukasema, "Ikinibeba mimi, upepo ni nani?"

Na mdogo wako, mama yetu mdogo, ulimlea wewe. Bibi alipofariki yeye alikuwa na miaka saba, wewe kumi na tisa. Ulimbeba, ukamsomesha, ukamfundisha kazi. Karakana ilikuwa na miwani moja tu ya kuchomelea, ukamvisha yeye. Wewe ulichomelea umefumba macho nusu, na macho yako yaliharibikia hapo. Tunalijua hilo. Na yeye analijua, tena ndilo linalomuuma zaidi.

Mema yameishia hapo, Mama. Sasa kaa utusikilize, kwa mara ya kwanza.

Miaka tisa kabla hujatuacha, kamati ya mtaa ilikuomba nyota ya getini, kubwa kuliko zote ulizowahi kujenga. Ilikuwa mita tatu toka ncha hadi ncha. Mama mdogo ndiye aliyefunga nyaya zote nne na kuzikaza, nawe ukazipima moja moja kwa kidole, zikalia kama kamba za gitaa. Uliridhika. Alasiri ile akaja mpiga picha wa gazeti. Ukasimama naye barabarani, ukainamisha kichwa, ukasema, "Waya wa mbele unaikata nyota uso." Ukapanda ngazi, Baba akakushikia, ukaufungua ule waya wa nne. Baba akakuuliza kama hautahitajika. Ukamjibu, "Nitaurudisha nikishakunywa chai."

Picha ilipigwa. Ukaenda kunywa chai. Upepo ukaja kikombe kikiwa nusu.

Nyota ilizunguka mara moja, ikalala upande, ikashuka juu ya mlinzi wa geti aliyekuwa akikimbia kufunga geti. Alipoteza vidole viwili vya mguu wa kushoto, na mpaka leo anachechemea. Watu walijaa. Mwenyekiti wa mtaa akauliza nani alifunga nyaya. Ukamnyooshea kidole mdogo wako, ukasema, "Muulizeni huyo. Fundo lake bovu."

Baba alikuwa nyuma yako. Alikaa kimya.

Mama mdogo alipiga magoti kwenye vyuma vile, akatafuta ncha ya waya wake ajue imemsaliti vipi. Hakuiona. Akafanya kama afanyavyo mtu anayempenda mkubwa wake, akaamini. Alijiambia labda mkono ulichoka, labda aliruka mzunguko mmoja. Hakubishana nawe hata siku moja. Aliacha karakana, akaenda kufua mashuka nyumba ya wageni. Mtaa ukamwita Fundo Bovu, watoto wakamwimbia akipita na kikapu. Ulisikia, Mama. Siku moja tulikuona ukicheka.

Kila Jumamosi alikwenda kwa mlinzi kuchukua sare yake, akaifua, akaipiga pasi, akairudisha Jumapili. Akafanya hivyo miaka tisa. Mlinzi alimwambia mara nyingi, "Dada, basi, nimeshakusamehe." Yeye akajibu, "Najua, lakini vidole havijarudi."

Nawe hukusema naye. Ulipoanza kuumwa na sisi tukashindwa kukunyanyua, alikuja yeye, miezi mitatu, asubuhi na jioni. Alikuogesha, akakugeuza, akakupaka mafuta mgongoni. Na wewe, kichwa kwenye mkono wake, ulinitazama mimi binti yako ukasema, "Mwambie huyo maji yamepoa." Naye, mdomo karibu na sikio lako, akaniambia, "Mwambie naongeza ya moto." Chumba kimoja, kitanda kimoja, nami katikati nikitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Wakati ule nilidhani ni kichekesho. Niliwasimulia wenzangu kazini tukacheka.

Siku tisini ulikuwa na mikono yake mgongoni mwako. Neno lako la mwisho kwake lilihusu maji.

Tulikuzika. Alilia kuliko sisi wote.

Miezi minane ikapita. Mwenyekiti akaja nyumbani, akasema sikukuu zinakaribia na geti li tupu, mtaa unaona aibu, je hakuna aliyerithi kazi ya Fundi? Tukamtazama mama mdogo, aliyekuja siku hiyo kutuletea mapazia. Akatikisa kichwa. "Mkono huu ulishamkata mtu vidole. Tafuteni mwingine."

Mwenyekiti alipoondoka, Baba alikuwa mezani akimenya viazi. Akaweka kisu chini. "Shemeji," alisema, "halikuwa fundo lako."

Alisimulia yote, picha, ngazi, chai. Alisema polepole, macho kwenye maganda. Kaka yangu alisimama katikati ya maneno akaenda kuegemea ukuta. Mama mdogo hakulia, wala hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayepima nguo.

"Ulikuwepo?"

"Nilishika ngazi."

"Na hii miaka tisa?"

Baba alikusanya maganda. "Nilimwogopa," akasema. "Unamjua dada yako."

"Namjua," alisema mama mdogo. "Kwa hiyo mimi ndiye nisiyeogopwa."

Akachukua kikapu chake, akaacha mapazia. Wiki tatu hatukumwona. Kaka yangu alihamishia sahani yake jikoni, na hadi leo hali meza moja na Baba. Mimi nilikuwa nikipika, nikimpa Baba chakula chake, nikitoka. Siku hizo, Mama, tulikuchukia. Nimeandika neno hilo nikalifuta mara mbili, na mara ya tatu nimeliacha.

Baadaye tulijua mama mdogo alikwenda wapi kwanza. Alikwenda kwa mlinzi. Alimkuta ameketi mlangoni, akamweleza. Mlinzi aliutazama mguu wake kana kwamba ameletewa mgeni. "Miaka tisa nimekusamehe kila wiki," akasema mwishowe, "kumbe nilikuwa namsamehe asiye na kosa. Sare yangu usiifue tena."

"Ya wiki hii nimeshailoweka," alisema mama mdogo.

Ndipo akarudi kwetu. Hakumsalimu Baba. Akaniambia, "Nipe ufunguo wa karakana."

Alijenga siku kumi na moja. Alitumia nondo zako, mashine yako na miwani ile ile, maana hukuwahi kununua nyingine. Alijenga nyota ya mita tatu, ukubwa ule ule, na nilipomuuliza kwa nini asipunguze akasema, "Nikipunguza watasema nimeogopa." Kila taa akaifunga mara mbili. Kazi ilitoka kama ya kwako, Mama, hilo hatuwezi kukunyima. Siku ya kuisimamisha, Baba alijitokeza na kofia yake, akaikaribia ngazi. Mama mdogo akamwambia bila kugeuka, "Wewe ngazi hushiki." Alishika mlinzi.

Alipofunga waya wa nne, mwenyekiti, ambaye wakati ule hakukijua kisa cha waya huo, akarudi nyuma hatua tano akakunja uso. "Kazi nzuri," alisema, "ila huu waya wa mbele unaharibu picha kidogo. Hauwezi kufunguliwa kwa dakika mbili tu?"

Kaka yangu akacheka, kicheko kibaya nisichowahi kukisikia kwake. Mlinzi aliinama akaifunga kamba ya kiatu iliyokuwa imeshafungwa. Mama mdogo aliendelea kukaza, juu ya ngazi, mpaka waya ukalia.

"Mwambie mpiga picha asogee kushoto," alisema.

Siku ya tatu, alasiri, upepo ulikuja. Ulikuwa mkali kuliko ule wako. Uling'oa bati la kibanda cha fundi baiskeli, ukaangusha matawi, ukabeba nguo zilizoanikwa mitaa miwili. Tulikimbilia getini na kumkuta ameshafika. Alikuwa amesimama chini ya nyota, mahali pale pale alipoangukiwa mlinzi, mikono ameikunja kifuani. Tulimwita atoke. Kaka alimshika mkono akamvuta, yeye akauchomoa mkono wake. "Niache," alisema. "Nataka kujua."

Nyota ilitikisika, nyaya zikavuma, mapipa ya zege yakasaga lami. Nilitazama waya wa mbele tu, sikuweza kutazama kingine. Sijui tulisimama pale muda gani. Upepo ulipopungua, nyota ilikuwa juu, taa zote zinawaka isipokuwa moja.

Tulidhani atafurahi. Uso wake ulikunjamana, akakaa chini kwenye ukingo wa barabara. "Ningeweza," alisema. "Miaka yote hii ningeweza." Kisha akakutukana, Mama, tusi ambalo gazeti halitachapisha, akainuka akaenda kutafuta taa ya kubadilisha ile iliyokufa.

Hiyo ndiyo habari ya mwaka wetu. Mtaa umeacha kumwita lile jina, kwa sababu kaka yangu amepita nyumba kwa nyumba akieleza. Karakana imefunguliwa. Nyumba ya wageni inatafuta dobi mwingine. Baba amekwenda mara mbili kwa mlinzi kuomba radhi, mara ya kwanza hakufunguliwa, ya pili alipewa kiti. Kwa mama mdogo bado hajapewa.

Tulipokaa kuandika tangazo hili, Baba alitaka tuweke picha yako ya gazetini, ile ya mbele ya nyota. Tulikataa. Hakuna picha. Wanaokujua wanakujua.

Wanaokukumbuka ni mume wako, ambaye siku hizi anakula peke yake. Mwanao, ambaye amejifunza kupaza sauti na hapendi anavyosikika. Binti yako, niliyeandika haya. Na mlinzi wa geti, aliyeomba awemo, nasi hatukuona sababu ya kumkatalia.

Na mdogo wako. Nilimfuata karakana kumuuliza kama jina la undugu wake liwemo. Alizima mashine, akapandisha miwani kwenye paji la uso, akafikiri.

"Niweke," alisema. "Mimi ni mdogo wake, nitakosaje kuwemo? Lakini usiandike kwamba nimesamehe. Andika nipo."

Yupo, Mama. Daima tutakukumbuka, hata tungetaka kukusahau, tungeanzia wapi.