Nyota Moja ya Ekisa

Alhamisi, Malaba. Mvua imekataa kunyesha na mimi nimekataa kutubu. Basi tuandike.

Leo nimembeba Ekisa. Nyinyi mnaosoma hapa hamumjui. Alikuwa mwendeshaji pikipiki kama mimi, steji moja, mtu wa Chakol, mpole mpaka anaudhi. Anapanguza kiti kabla mteja hajakaa. Akina mama walikuwa wananipita mimi mzee mzima, wanasimama juani kumngoja yeye.

Iliniuma. Sikatai.

Kisha ikaja ile apu ya kuita pikipiki kwa simu. Ukishuka unampa mwendeshaji nyota, moja mpaka tano. Siku hizo za kwanza, mama mmoja muuza omena akanisogezea simu yake. "Mzee, Ekisa amenibebea gunia mpaka mlangoni. Namba wani ndio hii moja, ama?"

Shule niliachia darasa la sita, lakini watu wa apu walikuwa wametueleza kwamba tano ndiyo bora. Nilijua vizuri sana. Nikamwuliza, "Mama, mtoto wako akiwa namba tano darasani, unachinja kuku?"

"Kuku gani! Nachinja yeye."

"Basi bonyeza moja."

Akabonyeza. Akaenda kufundisha soko lote. Nikacheka mpaka meno ya bandia yakataka kutoka.

Zangu? "Leta simu, mama, nikusaidie." Tano, kila safari.

Haukuisha mwezi, apu ikamfungia Ekisa. Akazunguka steji akiuliza amemkosea nani. Nikamwambia, "Ndugu yangu, labda unanuka." Akaanza kuoga mara tatu kwa siku. Halafu akauza pikipiki.

Nilimwambia ananuka. Ikae hapo, imeandikwa.

Majuzi ofisi ya apu ikamtuma dada mmoja. Ameshangaa: watu wa Malaba wanaandika "mtu mzuri sana, Mungu ambariki," halafu wanampa mwendeshaji nyota moja. Nikamfafanulia mambo ya namba wani kama profesa. Nani alikoroga, sikusema. Dada akaandika, akafurahi: "Mzee, wateja wenu wametufunza kazi!" Sasa nyota zimetolewa. Kuna uso unaocheka na uso ulionuna, hata asiyesoma hakosei. Waliofungiwa wamefunguliwa. Mimi nikapewa reflekta mpya, ile fulana ya kung'aa usiku, eti kwa mchango wangu.

Lakini pikipiki ya Ekisa ilikuwa imeshavuka kwenda Uganda, iko Tororo na mwenyewe mwingine.

Leo saa nne asubuhi simu imeniita sokoni. Nafika, mteja ni yeye, jembe begani, anarudi Chakol. "Yoga, papa," akanisalimia kwa heshima, vile Wateso humsalimu baba. Njia nzima amekaa mbali na mgongo wangu, ameegemea nyuma karibu aanguke.

"Unaogopa nini, Ekisa?"

"Nisikunukie, papa."

Utani ulikuwa tayari mdomoni. Nikaumeza. Ukweli nao ulikuwa hapo hapo, nikaumeza pia.

Tulipofika akatoa simu yake iliyopasuka kioo, akabonyeza uso unaocheka. Akanionyesha, nione kweli amebonyeza. "Namba wani, papa."

Reflekta nimeitundika kwenye msumari, naiangalia nikiandika. Kesho nipite Chakol nimwambie? Petroli iko. Barabara iko.

Reflekta pia iko, na inanipendeza.